Kupima na kuiga mwendo wa watembea kwa miguu katikati ya jiji: mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam

Modeli nyingi za watembea kwa miguu huharibika kabla kompyuta haijawashwa, pale mpangaji anapochukua upana wa njia kutoka kwenye mchoro. Tuseme mchoro unaonyesha njia ya mita 3, na futikamba inakubali. Ondoa sentimita 20 upande wa ukuta na 20 upande wa barabara, kwa kuwa hakuna anayetembea bega likisugua ukuta. Ondoa mita 1.2 za meza ya machinga, kisha nusu mita ya wateja waliosimama mbele yake. Zimebaki sentimita 90, na modeli ijengwe juu ya hizo. Pima kila baada ya mita 20 hivi na ushike sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Nenda saa ambazo biashara imechanganya. Alfajiri kila mtaa ni mpana.

Kwa ramani ya msingi, anza na OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Mradi wa Ramani Huria umechora sehemu kubwa ya Dar es Salaam, hata vichochoro. Ndani ya QGIS, programu ya ramani, geuza data iwe UTM kanda ya 37 Kusini (mfumo wa ramani unaopima kwa mita), yaani EPSG 32737, la sivyo utapima umbali kwa digrii. Chora eneo linalotembeka kama poligoni, na barabara yenyewe uiingize humo. Kariakoo, njia ikijaa watu hushuka barabarani. Modeli inayowafungia pembeni itazua msongamano usiokuwepo na kuficha hatari iliyopo.

Hesabu Jumanne hadi Alhamisi, na Jumamosi moja. Siku za kuelekea Idi na Krismasi zina hesabu yake peke yake. Kila kituo kiwe na wahesabuji wawili, kila mmoja na uelekeo wake, wakiandika kila dakika. Sababu ya kuandika kila dakika ni hii: watu 540 kwa robo saa ni 36 kwa dakika. Gawanya kwa mita 0.9, unapata 40 kwa kila mita kwa dakika. Katika madaraja ya John Fruin ya mwaka 1971, yanayopanga njia kutoka A, yenye nafasi tele, hadi F, iliyosongamana, hiyo ni C, inayoanzia 33 na kuishia 49: watu wanapita, ila kumpita aliye mbele kunahitaji ujanja. Kwa upana wa mchoro ungepata 12, daraja A, ukaandika kwamba mtaa hauna shida. Sasa tazama dakika moja baada ya basi la mwendokasi kushusha abiria kituo cha Gerezani. Wakipita 70 dakika hiyo, ni 78 kwa mita, daraja E. Wastani wa robo saa ulikuwa umeimeza.

Maswali mengi huishia hapa, kwenye Excel, na hakuna aibu. Programu ya kuiga inahitajika pale mikondo inapokatana au foleni inaporudi nyuma na kuziba njia nyingine. JuPedSim ni ya bure. Viswalk na Legion ni za kulipia.

Ukiamua kuiga, pima kasi mwenyewe. Piga mistari miwili ya chaki yenye umbali wa mita 10, kisha pima watu wasiopungua 50 kwa kila kundi: wasio na mzigo, wenye mzigo kichwani, wenye watoto. Mita 1.34 kwa sekunde za mtafiti Weidmann, zinazokuja tayari kwenye programu nyingi, ni kasi ya mtu aliye huru njiani. Mkokoteni upewe ukubwa wake halisi, usihesabiwe kama mtu mmoja.

Weka milango kwenye kila ukingo wa modeli. Wanaoingia na wanaotoka wasipolingana, kuna mlango uliosahau, mara nyingi duka lenye milango mitaa miwili. Endesha modeli mara 10, kila mara kwa namba tofauti ya kuanzia bahati nasibu ya programu, kisha linganisha na hesabu ya mtaani kwa GEH, kipimo cha tofauti kati ya namba ya modeli na ya mtaani. Modeli ikitoa 1,000 kwa saa na mtaani ni 1,150, GEH ni 4.6, chini ya kikomo cha 5. Usikitumie kwa namba za robo saa, maana namba zikiwa ndogo kila kitu hufaulu.

Halafu kaa utazame picha ikitembea. Watu wakitetemeka kwenye kona au wakikwama uso kwa uso, mara nyingi mwisho wa safari umewekwa kama nukta. Ufanye mstari wa upana wote wa mlango. Kupunguza watu ili modeli ipite ni udanganyifu.

Kwenye kivuko chenye taa usitumie kasi ya wastani. Kivuko cha mita 14 kwa mita 1.2 kwa sekunde kinahitaji sekunde 12. Mbeba gunia anayekwenda mita 0.9 anahitaji 16; taa ikifuata ile 12, magari yataondoka akiwa amebakiza mita 3.