Somo: Kuiga uhariri wa mpiga picha za watu unayempenda

Wengi wetu huanza kwa kununua preseti, yaani mipangilio ya uhariri iliyotayarishwa na mtu mwingine, tukaibandika juu ya picha, na uso wa mteja ukageuka rangi ya chungwa. Preseti haijui mwanga uliopigia. Sehemu kubwa ya tunachokiita mtindo wa uhariri huwa imeshaamuliwa kabla kompyuta haijawashwa. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na vitambaa vya maua vikiwa nyuma yao. Ukipiga Kondele, hapa Kisumu, saa saba mchana, hakuna programu itakayokupa sura zile.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja
Kusanya picha zake kumi hivi zilizopigwa kwa mwanga wa aina moja. Za jioni usizichanganye na za studio.

Hatua ya 2: Zisome kabla ya kugusa chochote
Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kuza macho uone kile king'aro ndani ya mboni. Kikiwa cha mraba, mwanga ulitoka dirishani au kwenye sanduku la flashi. Kikiwa duara kamili kinachozunguka mboni, ni taa ya pete. Kivuli cha pua kitakuonyesha taa ilikuwa upande gani na juu kiasi gani. Kingo zake zikiwa laini, chanzo cha mwanga kilikuwa kikubwa au karibu.

Kisha fungua picha hiyo kwenye Photoshop upime rangi. Kila pikseli ina namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Pima mahali peusi kuliko pote: nywele, koti, kivuli nyuma ya kiti. Ukipata 4, 4, 5, huyo anapenda weusi mzito. Ukipata 28, 30, 38, ameuinua weusi na kuutia ubuluu. Pima na nyeupe ya shati, halafu majani. Wengi huvuta kijani kuelekea njano na kukififisha ili uso ubaki mbele. Andika namba hizo kwenye daftari, kwa sababu jicho husahau haraka sana.

Hatua ya 3: Piga picha inayokaribia ile
Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana jua linakaa utosini na macho yanageuka mashimo meusi, kwa hiyo mweke mtu chini ya varanda, uso ukielekea nje. Kwa mwanga wa dhahabu, nenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, kuanzia saa kumi na moja jioni, na uwe umeshajipanga, maana jua likishazama giza haliombi ruhusa. Usimsimamishe juu ya nyasi au kando ya magugumaji yenye jua: ukijani utapanda hadi chini ya kidevu, na kuuondoa ni kazi ya saa nzima. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera linalohifadhi taarifa zote za picha.

Hatua ya 4: Hariri kwa mpangilio
Sawazisha nyeupe kwanza (white balance), ili nyeupe ionekane nyeupe, kisha mwangaza wa jumla. Baada ya hapo nenda kwenye ule mkunjo wa toni (Curves), mstari unaopanga giza na mwanga wa picha. Ukiinua ncha ya chini kushoto, weusi unafifia. Simama unapofikia namba ulizoandika. Ndipo uje kwenye rangi mojamoja, na mwisho kabisa rangi ya vivuli na ya sehemu angavu.

Hatua ya 5: Ngozi
Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikaharibika. Tusiurudie ubaya huo kwa mikono yetu. Chini ya mwanga usio na rangi, ngozi ya binadamu yeyote ina nyekundu mbele, kijani katikati na buluu mwisho; kinachobadilika ni umbali kati yao. Unachoiga ni uhusiano wa uso na mandhari yake, yaani uso uko angavu kiasi gani kuliko nyuma. Weupe wa ngozi ya mtu mwingine hauigwi. Ung'aavu wa paji na mashavu uache pia, kwani ndio unaoipa ngozi nyeusi umbo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi nina simu na Snapseed tu. Nitaweza? (Kakamega)
Utaweza, dada. Snapseed ina mkunjo wa toni na inafungua DNG, aina mojawapo ya faili za RAW. Mahali pa rangi mojamoja, weka alama juu ya majani na upunguze ukolezi wa rangi hapo tu.

Bibi harusi ameniomba nimfanye mweupe. Nikatae? (Nakuru)
Kaka, kwanza muulize anamaanisha nini. Mara nyingi anachotaka ni uso uonekane vizuri. Tia maski usoni, yaani chagua uso pekee, ongeza mwangaza kidogo, angaza macho, umwonyeshe kabla na baada. Akisisitiza abadilishwe rangi, mimi ningekataa kwa upole.

Kazi hizi naweza kuziuza, au ni wizi? (Kisumu)
Uza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda picha yenyewe, haimilikishi mtu namna ya kutumia rangi. Lakini picha za huyo unayemuiga usiziweke kwenye tangazo lako.

Kwenye skrini ni nzuri, zikichapwa zinatoka na giza. (Kisumu)
Skrini yako inawaka kupita kiasi. Ishushe hadi karatasi nyeupe iliyo pembeni yake ilingane nayo kwa macho, uhariri upya, kisha uchape moja ndogo kabla ya kupeleka albamu nzima.