Roboti ya kufuata mstari: kuchagua sensa ya infraredi na kuifunga

Roboti yangu ya kwanza iliuvuka mstari mweusi kana kwamba haupo. Nikabadilisha betri, nikaandika programu upya, nikazilaumu mota. Kumbe mchawi alikuwa kalamu niliyochorea mstari.

Hatua ya 1: Jua unataka kuona nini. Kwa mstari ulio sakafuni, chukua sensa ya TCRT5000 iliyokwisha kufungwa kwenye moduli, yaani kibodi kidogo chenye pini za kuunganishia. Ndani yake mna taa inayotoa mwanga wa infraredi wa nanomita 950 na, pembeni yake, transista inayopokea mwanga unaorudi. Inaona vizuri zaidi kwa umbali wa milimita 2.5, na zaidi ya milimita 15 usiitegemee. Kwa kukwepa ukuta tafuta Sharp GP2Y0A21, inayopima sentimita 10 hadi 80. Hiyo ina ujanja wake: volti hupanda kitu kinavyokaribia, lakini kikiingia ndani sana ya sentimita 10 zinaanza kushuka, na roboti inadhani ukuta umerudi nyuma. Ifunge ndani kidogo ya bodi ya roboti, usiiweke ukingoni. Kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 10 kati ya waya chanya na hasi, karibu na sensa, itatuliza vipimo vyake.

Kuanzia hapa nazungumzia TCRT5000.

Hatua ya 2: Hakikisha taa inawaka. Jicho halioni mwanga huu. Washa sensa, ielekeze kwenye kamera ya simu, ukianza na ya mbele. Ukiona kinukta cha zambarau au cheupe, taa ni nzima.

Hatua ya 3: Unganisha. Kwenye Arduino Uno, kibodi cha kompyuta kinachoendesha roboti, peleka VCC (umeme chanya) kwenye volti 5, GND (hasi) kwenye GND, na A0 ya sensa kwenye A0. Pini ya D0 iache kwanza. Hiyo hujibu ndiyo au hapana tu, kulingana na ulivyozungusha kiskrubu cha buluu kilicho kwenye moduli, na ndiyo inayowapotosha wanaoanza, kwa sababu inakuficha sensa inaona nini hasa.

Hatua ya 4: Soma namba kabla ya kuandika programu yoyote. Funga sensa milimita 3 juu ya sakafu. Kama huna rula, kadi nne za benki zilizopangwa pamoja zinatosha kupimia. Andika programu fupi ya kuchapisha analogRead(A0), amri inayosoma pini ya A0, halafu telezesha roboti kwa mkono. Kwenye moduli nyingi mwanga ukirudi kwa wingi namba hushuka, kwa hiyo nyeupe ni ndogo na nyeusi ni kubwa, kati ya 0 na 1023.

Hapa ndipo nilipoikamata ile kalamu. Karatasi tupu ilinipa 60, tepu nyeusi ya mafundi umeme 850, na mstari wa kalamu 130! Wino ule ni mweusi kwa macho yangu, lakini infraredi inaupita, inagonga karatasi na kurudi. Vitambaa vyeusi navyo vingine hufanya hivyo hivyo. Tangu siku hiyo sichori mstari, nabandika tepu.

Hatua ya 5: Weka mpaka katikati. 60 jumlisha 850, gawa kwa 2: 455. Juu ya hapo ni mstari, chini yake ni sakafu. Sensa mbili, moja kila upande wa mstari, zinatosha kuanzia: ya kushoto ikiona nyeusi, punguza mwendo wa mota ya kushoto.

Hatua ya 6: Kimbia jua. Jua lina infraredi tele. Nilipoisogeza roboti dirishani asubuhi, tepu ilishuka hadi 300, na kwa mpaka wa 455 mstari ukawa umepotea. Zungushia sensa kadibodi nene kama sketi, ikaribie sakafu bila kuikwaruza. Halafu usiandike 455 kwenye programu moja kwa moja. Kila unapoiwasha, ipe roboti sekunde 3 za kujigeuza kushoto na kulia juu ya mstari, itunze namba ndogo kabisa na kubwa kabisa ilizoziona, na ijipigie hesabu ya mpaka yenyewe.