Kuweka nyumba za kupangisha kwenye amana isiyobatilishwa, hatua kwa hatua

Anayejua wakfu ameshaelewa nusu ya habari hii: ukishatoa, umetoa. Katika amana (kwa Kiingereza, trust), mweka amana anamkabidhi mdhamini mali, mdhamini anaitunza kwa ajili ya wanufaika, na aliyetoa hana tena ruhusa ya kubadili mawazo. Ndiyo maana mtu atakayekudai wewe binafsi miaka ijayo huwa vigumu kwake kuigusa mali hiyo. Mimi huandaa hati hizi, na ninafuata mpangilio huu.

1. Chagua mali. Weka nyumba unayotaka ikae miaka mingi ikiingiza kodi. Ile unayoinunua, kuikarabati na kuiuza upesi, iache nje.

2. Hesabu madeni yako. Kama kuna deni limeiva au kesi inanukia, simama. Mali iliyohamishwa ili kumkwepa mdai hurudishwa na mahakama. Uingereza ilitunga sheria ya jambo hili tangu 1571.

3. Tafuta mdhamini. Mteja akiniambia, "Mdhamini niwe mimi, mnufaika niwe mimi," namuuliza: sasa umempa nani?

4. Andika hati. Hapa usiharakishe. Tangu kesi ya Knight v Knight ya 1840, mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza hutafuta mambo matatu: nia iliyo wazi, mali inayojulikana na wanufaika wanaotambulika. "Baadhi ya nyumba zangu" haitoshi. Taja namba ya kila hatimiliki. "Watoto wangu" nayo ina mtego: je, atakayezaliwa mwakani yumo? Wa kufikia je?

Kisha orodhesha mamlaka ya mdhamini: kuuza na kununua nyingine, kukopa kwa rehani, kukarabati, kupangisha, kuweka akiba ya matengenezo. Nimeshaona jengo zuri likivuja paa huku mdhamini ameshindwa kukopa, kwa sababu hati ilikuwa kimya kuhusu mikopo. Kuongeza kipengele baadaye kunaweza kuhitaji mahakama. Weka pia mtu wa tatu mwenye uwezo wa kumwondoa mdhamini mzembe.

Kabla ya kusaini, mpelekee rasimu mshauri wa kodi za serikali. Marekani, kwa mfano, mamlaka ya mapato ilifafanua mwaka 2023 kwamba mali ya amana ya namna hii, ikiwa haihesabiwi kwenye mirathi ya mweka amana inayotozwa kodi, haipandishiwi thamani ya kikodi (ile inayotumika kukokotoa faida) anapofariki. Wanufaika wakiuza, faida inahesabiwa kuanzia gharama ya zamani.

5. Hamisha kweli. Amana nyingi hufia hapa. Mteja mmoja alikuja na hati nzuri, mihuri yote ipo. Nikaomba hatimiliki: jina lake. Bima: jina lake. Kodi za wapangaji? Zinaingia kwenye akaunti yake, ile ile anayolipia ada za shule. Alikuwa na karatasi, amana hana.

Kwa kawaida amana si mtu kisheria, kwa hiyo hatimiliki husajiliwa kwa jina la mdhamini. Nyumba ikiwa na rehani, pata kwanza kibali cha benki kwa maandishi, la sivyo inaweza kudai mkopo wote kwa mkupuo. Halafu fungua akaunti ya amana, badilisha bima, na uwaandikie wapangaji walipe wapi.

6. Funga mikataba. Ukitaka kuendelea kusimamia nyumba, saini na mdhamini mkataba wa usimamizi wenye ujira wa kawaida wa soko, na kifungu cha kukuachisha kazi. Ukiikopesha amana fedha, andika riba na tarehe za marejesho, kisha zidai kama unavyomdai mgeni. Ukiwa na mbia kwenye nyumba, mkataba useme mapema nani ana haki ya kwanza ya kununua fungu la mwenzake na bei itakadiriwa na nani. Mbia huyo asaini na mdhamini. Saini yako wewe haiifungi tena nyumba hiyo.