Mwani wa kichujio ukigoma: tazama rangi kabla ya kununua taa

Wanaojenga kichujio cha mwani, yaani wavu unaotiririshiwa maji ya hodhi la samaki na kumulikwa taa, huniuliza kwanza: taa ya wati ngapi? Swali hilo lisubiri kidogo. Mwani unaoota kwenye wavu hula nitrati na fosfati, chakula kilekile ambacho kingeotesha mwani kwenye vioo. Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria hugeuka kijani kwa sababu hiyohiyo: uchafu wa Kampala unaingia kwa mfereji wa Nakivubo, na jua lipo. Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, ndiye aliyeigeuza kero hiyo kuwa kifaa: mwani uachwe uote, ila mahali unapochagua wewe.

Taa ikizidi chakula kilichomo majini, mwani huungua. Chakula kikizidi taa, unakuwa mweusi. Basi pima chakula unachowapa samaki, maana ndicho kinachogeuka chakula cha mwani. Ujazo wa hodhi hauna neno hapa. Hodhi la lita 400 lenye ngege (perege) wawili linahitaji wavu mdogo kuliko la lita 100 lililojaa nkejje, wale visamaki wadogo wa ziwani.

Hatua ya 1: Vua wavu uutazame
Zima umeme, toa wavu, uupeleke dirishani. Nyuzi za kijani kibichi: usiguse chochote. Ute wa kahawia kwenye wavu mpya ni wa kawaida, utapisha kijani wenyewe. Ute mweusi unaoteleza ni dalili ya taa hafifu au chakula kingi mno. Njano inayovutika kama mpira, au upara mbele ya taa huku kingo zikiwa kijani, ni taa kali. Mwani ukiota vizuri kisha ukabanduka mapande mapande, umechelewa kuvuna: tabaka la juu limeziba mwanga na la chini limeoza.

Hatua ya 2: Pima maji
Wengi huruka hapa, na hapa ndipo kasoro hujificha. Kila sentimita ya upana wa wavu inataka takriban lita 50 kwa saa. Wavu wa sentimita 15 unataka lita 750, zinazofika juu kweli, si zilizoandikwa kwenye boksi la pampu. Fungua bomba linapoishia, kinga kwa jerikeni ya lita 5: ijae kwa sekunde 24 hivi. Ikichukua sekunde 40, safisha pampu na mpasuo wa bomba unaomwagia maji wavuni, maana mwani hupenda kuota ndani ya mpasuo wenyewe. Funika sehemu hiyo isipate mwanga.

Na wavu uwe umekwaruzwa. Plastiki laini haishiki mwani hata uwe na taa ya uwanja wa mpira. Tumia msumeno au msasa mkali pande zote mbili hadi ichubue vidole.

Hatua ya 3: Linganisha na chakula
Sentimita za mraba 77 zinazomulikwa pande mbili hutosha kwa takriban gramu 3 za chakula kikavu kwa siku. Wavu wa sentimita 15 kwa 20 unabeba kama gramu 12. Ukimulika upande mmoja, gawa kwa mbili.

Hatua ya 4: Sasa taa
Nyekundu ya nanomita 660, au nyeupe ya manjano ya Kelvini 2700 hadi 3000. Ile nyeupe ya buluu ya dukani inapendeza macho tu. Kwa wavu huo, LED za wati 24 kwa jumla, 12 kila upande, ni mwanzo mzuri. Anza saa 9 kwa siku, ongeza taratibu hadi 18 kadiri mwani unavyojaa. Mimi huwasha usiku, taa ya hodhi ikiwa imezimwa, ili mwani uendelee kutoa oksijeni samaki wanapoihitaji.

Hatua ya 5: Vuna
Kila siku 7 hadi 21. Kwangua kwa kadi ngumu, suuza kwa maji ya bomba, bila sabuni. Acha ukungu wa kijani uoteshe upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Jinja: Mwalimu, mwani wangu ni mweusi. Niongeze taa nyingine?

Jibu: Unawalisha nini, ssebo?

Mwanachama wa Jinja: Mukene (dagaa) wa kusaga, asubuhi na jioni.

Jibu: Basi hiyo ndiyo kazi. Mukene una mifupa, mifupa ina fosfati, na ule unga laini unayeyuka kabla samaki hawajaumeza. Chekecha unga utoke, lisha mara moja, vuna kila wiki. Usipoona kijani baada ya mavuno mawili, hapo ongeza saa za taa.

Mwanachama wa Mbarara: Wangu ni wa njano na katikati kuna upara. Fundi wa taa anasema LED ni mbovu.

Jibu: Taa nzima hiyo, dada, ndiyo maana inaunguza. Rudisha saa ziwe 9, isogeze nyuma sentimita kadhaa, au weka karatasi nyeupe mbele yake. Ikibaki njano hata hivyo, majini huenda hakuna chuma. Weka mbolea ya chuma ya mimea ya majini, kidogo sana.

Mwanachama wa Arua: Umeme ukikatika je?

Jibu: Pampu na taa ziwe kwenye soketi moja ya kurefusha, zizimike pamoja. Pampu ikizimika taa ikabaki kwenye sola, wavu unakauka na mwani unakufa. Ukiwa na betri moja tu, ipe pampu ya hewa ya samaki kwanza. Wavu wenye unyevu gizani unastahimili saa kadhaa.

Mwanachama wa Jinja: Na nyaya? Maji yanarukaruka.

Jibu: Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, tone liangukie sakafuni. Taa iwe ya volti 12, transfoma iwe mbali na maji. Zile za volti 240 moja kwa moja usiziweke karibu na wavu, hata fundi akikuapia.

Mwanachama wa Mbarara: Mwani niliouvuna niutupe?

Jibu: Kuku wangu wanaugombania. Ukizidi, unaingia shimo la mboji chini ya migomba.