Kuteremka Mto Suwannee kwa Mtumbwi na Kulala Katika Machela

Mto Suwannee huanzia katika kinamasi cha Okefenokee, jimboni Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, kisha hukata kaskazini mwa Florida hadi kumwagika katika Ghuba ya Meksiko. Kipande kinachomfaa zaidi msafiri wa mtumbwi ni kile cha kutoka mji mdogo wa White Springs hadi baharini, chenye urefu wa kilomita 275 hivi, ambacho jimbo la Florida limekitenga rasmi kuwa njia ya wasafiri wa majini. Mwongozo huu ni kwa mtu anayejua kuogelea na aliyekwisha kushika kafi katika maji yaliyotulia, lakini hajawahi kusafiri siku nyingi mfululizo huku akilala kandokando ya mto katika machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili.

Msimu wa vimbunga huanza Juni na kuisha Novemba, na kiangazi cha huko kina joto kali, mbu wengi na ngurumo za radi karibu kila alasiri. Kwa hiyo safari ipangwe kati ya Novemba mwishoni na Aprili mwanzoni, msafiri akikubali kwamba usiku wa Januari unaweza kufikia kiwango cha kuganda, ingawa hapo ni Florida.

Kabla ya kununua hata kamba moja, jifunze kusoma kina cha mto. Vipimo vya Suwannee huchapishwa kila siku katika intaneti na Idara ya Jiolojia ya Marekani, na kipimo cha White Springs ndicho cha kutazamwa kwanza. Maji yakipungua sana, ngazi za mawe ya chokaa hujitokeza mtoni na utalazimika kushuka na kuukokota mtumbwi. Yakijaa, mafungu ya mchanga ambayo ungepiga kambi juu yake hufunikwa, na mkondo huingia katikati ya miti. Hali hii ya pili ndiyo ya kuogopwa. Mti ulioanguka mtoni hufanya kazi ya dema: maji hupenya kati ya matawi, lakini mwili na mtumbwi hunasa. Ukiuona mti wa namna hiyo ukingali mbali, anza kukata mto kuelekea upande wa pili mapema. Na ikiwa mkondo umekwisha kukubana ubavuni mwake, egemea upande wa mti, kwa maana anayeegemea upande yanakotoka maji huuzamisha ukingo wa mtumbwi na kupinduka. Jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa muda wote mtu awapo majini. Anayetaka kuanzia juu zaidi ya White Springs afahamu kwamba huko kuna maporomoko ya Big Shoals, ambayo mtumbwi wenye mzigo wa kambi haupaswi kuyapitia. Upakuliwe na kubebwa nchi kavu.

Mtumbwi wa watu wawili wenye urefu wa mita tano hivi unatosha. Mizigo yote iingie katika mifuko isiyopitisha maji, ile mizito ikae chini kabisa katikati, na kila mfuko ufungwe kwenye mtumbwi. Tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, iwe nzito kidogo kuliko omo, yaani mbele yake, isipokuwa upepo unapovuma kutoka mbele. Anayeketi tezini ndiye mwenye usukani. Akishalivuta kafi hadi usawa wa nyonga, asilitoe majini papo hapo. Aligeuze mpaka kidole gumba cha mkono wa juu kielekee chini, kisha ausukume ubapa wake nje kidogo, mbali na mtumbwi. Msukumo huo mfupi huirudisha omo katika mstari wake bila haja ya kubadili upande kila mara, na mwisho wa siku mabega hujua tofauti yake.

Kadiria kilomita 20 hadi 30 kwa siku, nawe utamaliza njia yote katika siku kumi au kumi na mbili bila kukimbizana. Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni saa ya kusimama. Anza kutafuta mahali pa kulala saa tisa alasiri, si jua linapozama, kwa sababu mtu aliyechoka hukubali mti wowote na ukingo wowote, na kambi mbaya huharibu siku inayofuata. Njiani kuna kambi tano zilizojengwa kwa ajili ya wasafiri wa mto, nazo ni Woods Ferry, Holton Creek, Dowling Park, Peacock Slough na Adams Tract; zina vibanda vyenye wavu wa kuzuia wadudu, vyoo na maji, na nafasi huombwa mapema. Zipo pia hifadhi za jimbo zenye viwanja vya kambi. Sehemu kubwa ya ukingo uliobaki ni ama ardhi ya umma yenye masharti yake ama mashamba ya watu, hivyo ramani ya mipaka ni ya lazima, na bango la kukataza kuingia liheshimiwe.

Sasa machela. Wengi huifunga ikakazika, wakidhani watalala wamenyooka; matokeo yake ni mgongo kupinda na mikanda kuelemewa. Mkanda unapaswa kushuka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka mlalo. Kwa mtu wa kilo 80, pembe hiyo huufanya kila mkanda ubebe kama kilo 80. Ukiukaza mpaka pembe ibaki nyuzi 10, mzigo huo hupanda kufikia kilo 230, na ndipo mishono huachia au mti mchanga huinama. Machela ya nailoni yenye urefu wa mita tatu na zaidi, ikilegezwa hivyo, humwezesha mtu kulala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande mwingine wa mstari wa katikati, na mgongo hunyooka wenyewe. Ukiketi ndani yake, uwe kama sentimita 45 kutoka ardhini.

Chagua miti miwili hai iliyoachana mita nne hadi tano, yenye mashina mazito kuliko paja la mtu mzima, na utumie mikanda mipana badala ya kamba nyembamba, ambayo hukata gome na kuuumiza mti. Kisha tazama juu, tena kwa makini. Kimbunga Idalia cha mwaka 2023 na Helene cha 2024 vilipiga eneo hili, na matawi yaliyovunjika huweza kukaa yamenasa juu ya mialoni kwa muda mrefu kabla ya kuanguka. Penye tawi kavu juu ya kichwa, ondoka, hata kama mandhari ni ya kupendeza kiasi gani. Napendelea miti iliyo juu ya ukingo, hatua nyingi kutoka majini, kuliko ile ya saipresi iliyo chini kabisa, kwa kuwa mto unaweza kupanda usiku. Kwa sababu hiyohiyo, mtumbwi nao uvutwe juu, upinduliwe na kufungwa kwenye mti.

Turubai litandazwe juu ya machela kabla ya kitu kingine chochote, na kijikamba kifungwe kwenye kila mkanda, kati ya mti na machela, kining'inie: maji ya mvua yanayofuata mkanda yatadondokea hapo badala ya kukuloanisha. Chandarua ni cha lazima hata katika majira ya baridi. Ubaridi wenyewe hutoka chini, kwa maana mwili huligandamiza blanketi na kuliondolea hewa inayotunza joto. Ning'iniza blanketi la pili nje, chini ya machela, lisibanwe.

Mamba wa huko, aina ya aligeta, kwa kawaida humwepuka mtu asipozoeshwa chakula, na kuwalisha ni marufuku kisheria. Usisafishe samaki kambini wala usiogelee jioni. Msomaji wa nyumbani asichukue maneno haya akayapeleka Rufiji au Kilombero, ambako kiboko na mamba wa Nile hudai kanuni nyingine kabisa.

Maji ya kunywa jaza hifadhini, bombani. Chujio huondoa vijidudu, lakini haliondoi naitreti za mbolea ambazo zimeingia katika chemchemi nyingi za bonde hili. Hata hivyo usizipite chemchemi hizo bila kusimama. Katika Troy Spring, maji yakiwa machache, mbavu za Madison, meli ya mvuke iliyozamishwa makusudi mwaka 1863, huonekana chini ya maji maangavu. Na Manatee Springs hukusanya nguva wakati wa baridi, kwa kuwa maji yake hubaki karibu nyuzi 22 za Selsiasi mwaka mzima.

Kuanzia Fanning Springs mto hupanuka, boti za injini huongezeka, na kadiri unavyokaribia Ghuba maji kupwa na kujaa huanza kuamua mwendo wako. Shika ukingo, ondoka alfajiri kabla ya upepo wa bahari kuamka, na pangilia siku ya mwisho ili ushuke na maji yanayokupwa mpaka mji wa Suwannee, mahali pa kutolea mtumbwi, bila kuingia kwenye bahari ya wazi.