Somo: Fût, eût, vînt, au vitenzi vya Kifaransa vinapovaa kofia

Juma lililopita, katika darasa langu la jioni, nilisoma imla yenye sentensi hii: Bien qu'il fût tard, elle attendit. Ingawa ilikuwa usiku, alingoja. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, na kumi waliandika fut bila kofia, yaani bila alama ^ juu ya u. Wa kumi na moja aliweka kofia, kisha akanyoosha mkono kuuliza pipa limeingiaje kwenye habari hii, maana kamusi yake ndogo inasema fût ni pipa. Kamusi haikukosea. Neno la pipa na umbo hili la être, kuwa, vinaandikwa sawasawa.

Kwa hiyo leo tushughulike na imparfait du subjonctif, dhamira tegemezi ya wakati uliopita. Niseme mapema: hutaitumia sokoni, wala kwenye simu, wala ukiomba kazi. Utaihitaji siku utakapofungua riwaya ya Kifaransa, ukurasa wa tatu tu, ikakukodolea macho.

Kwanza tutazame kwetu. Sisi tunasema nataka aje, nilitaka aje, ningetaka aje. Aje haibadiliki hata kitenzi kikuu kirudi nyuma miaka mia. Kifaransa cha vitabuni hakitaki hivyo. Kinasema Je veux qu'il vienne, lakini Je voulais qu'il vînt. Kitenzi kikuu kikienda wakati uliopita, kinachokitegemea hufuata kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Mswahili anakosea hapa kwa sababu sikio lake halijawahi kudai badiliko hilo, wala si kwa uzembe.

Hatua ya 1: Tafuta passé simple, nafsi ya pili umoja

Yaani umbo la tu, wewe, katika wakati uliopita wa vitabuni. Kama passé simple bado inakusumbua, acha somo hili hapa, urudi baada ya wiki mbili, maana bila hiyo utakuwa unajenga ukuta bila msingi. Habari njema ni kwamba vitenzi vyote vinaingia katika familia nne, na kila familia ina sauti yake:

A: vitenzi vyote vya -er, hata aller. Tu parlas, tu mangeas, tu commenças, tu allas.
I: tu finis, tu partis, tu pris, tu fis, tu vis, tu dis, tu mis.
U: tu fus (être), tu eus (avoir), tu sus, tu pus, tu dus, tu voulus, tu lus, tu bus, tu vécus, tu mourus.
IN: tu tins, tu vins, pamoja na watoto wao wote: devenir, revenir, obtenir, soutenir.

Familia ya U ndiyo ya kukariri. Nyingine zinajipanga zenyewe.

Hatua ya 2: Ongeza miisho

Umbo la tu tayari lina s mwishoni. Liongezee -se, -ses, -sions, -siez, -sent. Basi.

parler: que je parlasse, que tu parlasses, que nous parlassions, que vous parlassiez, qu'ils parlassent
être: que je fusse, que tu fusses, que nous fussions, que vous fussiez, qu'ils fussent
venir: que je vinsse, que tu vinsses, que nous vinssions, que vous vinssiez, qu'ils vinssent

Umeona nimeruka nafsi ya tatu umoja. Hiyo ina hatua yake, na kwa kweli ndiyo pekee utakayokutana nayo mara kwa mara.

Hatua ya 3: Nafsi ya tatu umoja, toa s, vika kofia, malizia na t

parlas inakuwa parlât. finis inakuwa finît. fus, fût. eus, eût. vins, vînt.

Kofia hiyo haikuwekwa kwa urembo. Zamani Wafaransa waliandika parlast na fust, na s ikatamkwa. Baadaye sauti ikafa, na kofia ikabaki kama jiwe la kaburi juu ya irabu. Ni kaburi lile lile unaloliona kwenye hôpital na forêt. Kiswahili kiliposema hospitali, kiliiweka s ambayo Wafaransa wameshaizika. Ukikumbuka hospitali, hutasahau kwamba fût ilikuwa na s.

Tena, kofia ni ya il, elle na on tu. Wanafunzi wangu huandika nous parlâssions kwa sababu wameona nous parlâmes kwenye passé simple. Hapana. Penye ss mbili, s ziko hai, hakuna cha kuzika, kofia haina kazi.

Hatua ya 4: Itumie mahali pake

Unahitaji vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, kitu kinachodai dhamira tegemezi: il faut que, vouloir que, craindre que, bien que, avant que, pour que. Pili, kitenzi kikuu kiwe wakati uliopita, au kiwe na masharti kama je voudrais na il faudrait.

Il fallait que nous partissions. Ilitubidi tuondoke.
Elle craignait qu'il ne mourût. Aliogopa asije akafa.
Je ferma la porte pour qu'on ne m'entendît pas. Nilifunga mlango wasinisikie.

Tazama upande wa Kiswahili: tuondoke, asije, wasinisikie. Hakuna kilichojua kwamba ni jana.

Kama tendo la ndani lilikwisha kabla ya lile la nje, chukua umbo hili la avoir au être (eusse, fusse) pamoja na participe passé, yaani umbo la tendo lililokwisha kama parti: Je ne croyais pas qu'il fût parti. Sikuamini kwamba ameshaondoka.

Hatua ya 5: Kupima fut na fût, eut na eût

Hii ndiyo dawa ya wale kumi wa imla. Ilete sentensi kwenye wakati uliopo. Bien qu'il fût tard inakuwa Bien qu'il soit tard. Umepata soit? Vika kofia. Il fut malade trois jours inakuwa Il est malade. Umepata est? Kichwa wazi. Kwa avoir ni vivyo hivyo: ukipata ait, andika eût, ukipata a, andika eut.

Jihadhari na après que. Sarufi inaitaka isifuatwe na dhamira tegemezi, kwa hiyo ni après qu'il eut mangé, bila kofia. Wafaransa wenyewe hujikwaa hapa, usione haya.

Maswali ya wanasomo

Swali: Mimi nipo Lubumbashi, Kifaransa tunakiongea tangu shule ya msingi. Mbona parlassions sijaisikia hata siku moja?

Hata Paris hutaisikia, ila mtu akitania. Sauti -asse kwa Kifaransa ina harufu ya dharau: paperasse ni makaratasi ya kuudhi, traînasser ni kujikokota. Kwa hiyo que vous m'épatassiez inachekesha yenyewe. Sheria pia ililegea. Mwaka 1901 Wizara ya Elimu ya Ufaransa iliruhusu il faudrait qu'il vienne badala ya vînt, na agizo la tarehe 28 Desemba 1976 likaruhusu vivyo hivyo baada ya wakati uliopita: j'avais souhaité qu'il vienne. Kwa maneno mengine wamefika pale sisi tulipo na aje yetu.

Swali: Mwalimu, que je finisse ni ya sasa au ya zamani? Kitabu kinanipa zote mbili.

Kitabu kiko sahihi. Kwa vitenzi vya kundi la finir nyakati hizi mbili zinafanana nafsi zote isipokuwa moja: qu'il finisse ni ya sasa, qu'il finît ni ya zamani. Kwingine, mwangalie kitenzi kikuu. Na usipoteze usiku kwa hilo, msomaji wako naye hawezi kuzitofautisha.

Swali: Vint na vînt zinatamkwaje tofauti?

Hazina tofauti. Tena zinafanana na vin, divai, vain, bure, na vingt, ishirini. Maneno matano, sauti moja. Ndiyo maana imla hii ni ya macho kuliko masikio.

Swali: Nilisikia kofia zilifutwa mwaka 1990. Tunajisumbua nini?

Marekebisho ya 1990 yaliruhusu kuivua kofia juu ya i na u katika maneno mengi, kama île na coûter. Miisho ya vitenzi haikuguswa. Fût, finît na eût zinabaki na kofia zao, na parlât haikuhusika tangu mwanzo kwa sababu kofia yake iko juu ya a.

Swali: Nimekuta Eût-il su, il ne serait pas venu. Hakuna que, hakuna bien que. Hiyo eût imetoka wapi?

Swali zuri kuliko yote. Hapa eût inafanya kazi ya si ya Kifaransa, kama, yaani sharti lililoshindikana. Kwetu ni -ngali-: angalijua, asingalikuja. Kama unaandika kitu cha kawaida, andika S'il avait su na uendelee na maisha. Ndugu zake utawakuta pia kwenye maneno yaliyoganda: ne fût-ce que, walau tu, dût-il en mourir, hata ikibidi afe.

Swali: Katika hadithi kuna mama anasema Plût au ciel qu'il revînt! Mimi nimetafsiri "mvua imenyesha mbinguni akarudi". Nimepewa sifuri.

Pole, dada. Sifuri ni kali, maana umelitambua umbo, na pleuvoir kweli hutoa plût. Ila plaire, kupendeza, nayo hutoa plût ile ile, na hapa ndiyo yenyewe. Ciel ni Mungu kwa adabu. Mama yule hakuwa na habari na mvua. Anasema: Laiti Mungu angependa mwanangu arudi.