Paa la fiba la gari-nyumba kuukuu likivuja, bandua kwanza

Masika yakikaribia, karakana yetu hapa Arusha huanza kupokea magari-nyumba ya wasafiri wanaoshuka kutoka Nairobi kuelekea kusini: Kombi za miaka ya 1980 zilizoongezewa paa refu la fiba, na Mercedes ndogo za mizigo zilizogeuzwa vyumba vya kulala. Lalamiko ni moja, mvua ikinyesha godoro linalowa. Nikipanda juu nakuta silikoni imemwagwa juu ya silikoni, nyeupe juu ya kijivu, na maji yanapita chini yake kama kawaida. Fiba yenyewe huishi miaka mingi sana. Kinachochoka ni viungio, na kiungio hakiponi kwa kupakwa juu. Mimi kazi hii niliianzia kwenye boti kule Tanga, na kwenye boti ukidanganya bahari inakuonyesha siku hiyo hiyo.

Kwanza jua panapoingilia maji, maana huingia hapa yakatonea kule. Tone lililo juu ya jiko linaweza kuwa limetokea kwenye dirisha la paa huko nyuma, likafuata ubavu wa mbao. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji nje. Anza chini, pale paa linapokutana na bati la gari, ukae hapo kama dakika kumi, ndipo upande kidogo kidogo. Ukianza juu utalowesha kila kiungio na hutajua kipi ndicho chenye kosa. Ninapopashuku zaidi ni fremu ya dirisha la paa, matundu ya skrubu za keria, waya wa sola unapopenya, na tundu la kupumulia friji. Kisha gonga paa lote kwa sarafu. Penye uzima sauti ni kali na fupi. Penye mbao iliyolowa au tabaka lililoachana sauti inakuwa nzito, butu. Zungushia chaki hapo.

Sasa kubandua, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Fungua fremu, ng'oa skrubu, kwangua gundi yote ya zamani kwa kikwanguo cha plastiki au kipande cha mti mgumu, maana chuma kitachimba jelikoti, lile tabaka gumu la nje linalong'aa juu ya fiba. Usikimbilie msasa. Silikoni ikisagwa na msasa inasukumwa ndani ya fiba, na hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni, hata silikoni mpya. Kwangua, osha kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha futa kwa asitoni ukitumia vitambaa viwili: cha kwanza kinalowesha, cha pili kinakausha kabla asitoni haijaruka. Halafu nyunyiza maji ya kawaida. Yakitandaa sawasawa, pamesafika. Yakijikunja kuwa matone, silikoni bado ipo, rudia. Asitoni isiguse dirisha la plastiki, litachanika nyufa ndogondogo.

Penye ufa, chunguza kina chake. Vinyufa vyembamba vilivyo kwenye jelikoti tu vipanue kidogo kwa ncha kali, uvijaze jelikoti. Ufa uliopenya mpaka fiba unataka upasuaji. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila mwisho wake ili usiendelee kutembea, kisha saga kingo kwa grainda na msasa namba 40 mpaka ziwe mteremko mrefu. Kipimo nilichokizoea ni mara 12 ya unene: fiba ya milimita 3 inataka mteremko wa kama milimita 36 kila upande. Wengi wanaona hilo ni kupoteza fiba nzima. Lakini kiraka hushikilia kwa upana wa eneo kilicholalia, na kile kilichobandikwa kwenye kingo zilizosimama wima kitabanduka kwenye makorongo ya kwanza. Vaa barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu. Mbao ikiwa imelowa ndani, fungua uiache ikauke kabisa, hata ikichukua wiki. Resini, yaani gundi ya maji inayogandisha nyuzi za fiba, haishiki penye unyevu.

Resini ya poliesta inatosha kama paa lenyewe ni la poliesta, nayo hupatikana kwa wauza vifaa vya boti. Hadina, ile dawa ya kugandisha, iwe asilimia 1 hadi 2: mililita 10 hadi 20 kwa kilo. Jua la mchana likiwaka natumia ndogo, asubuhi za Julai naongeza. Changanya kidogo kidogo, maana una kama robo saa kabla haijaganda. Kama resini yako inahitaji kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, koroga kobalti kwanza mpaka ipotee ndani ya resini, ndipo utie hadina. Vitu hivi viwili visikutane vyenyewe kwa vyenyewe, vinaweza kulipuka. Na tone la hadina likiingia jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ibaki usoni na maji safi yawe karibu.

Kata mati, yaani mkeka wa nyuzi za fiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, vipande vitatu. Kila kimoja kikiganda kinakupa karibu milimita 1. Mimi naanza na kipande kikubwa, kinachofuata kiwe kidogo zaidi. Paka resini kwanza, laza mati, kisha gongagonga kwa brashi, usipake kama rangi, nyuzi zitavutika. Tazama weupe wa mati unavyoondoka ukabaki uangavu. Doa jeupe linalokataa kuondoka ni hewa, lisukume kwa rola ya chuma mpaka litoke pembeni. Tabaka la mwisho liwe resini yenye nta, la sivyo uso utabaki unanata.

Siku ya pili piga msasa, kisha rudisha fremu. Chini yake weka mkanda wa butili, ule mpira laini unaonata, siyo silikoni. Matundu ya skrubu yaliyolegea yajaze resini nzito na utoboe upya. Kaza skrubu kwa zamu, upande huu na ule, butili itoke taratibu pande zote, kesho yake ukaze tena. Kata iliyozidi, uzungushie gundi ya poliurethani. Soma kopo kwanza kama inakubali plastiki ya dirisha lako, si zote zinakubali. Ulalie mstari wake kwa kidole chenye maji ya sabuni, usiache kingo inayozuia maji kutiririka.

Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na jua la hapa linakula jelikoti, kwa hiyo maliza kwa rangi nyeupe ya poliurethani ya sehemu mbili. Iache gari siku mbili kivulini, kisha rudi na mpira wa maji, utaratibu ule ule wa kutoka chini kwenda juu. Barabara ya vumbi kutoka Naabi hadi Seronera itatikisa kila skrubu, kwa hiyo ukirudi kutoka Serengeti panda tena na bisibisi.